Sehemu ya Kumi ya Milimita

Kosa lilifanyika mlangoni, kabla hata viatu havijavuliwa.

Chizuru Kuwabara alikuwa amemfundisha mchumba wake kila kitu. Alimfundisha asimame wapi, ainame kiasi gani, na zawadi ya yokan, halua ya maharage, aifungue lini kutoka kwenye kitambaa chake. Sentensi kuu waliirudia mara tisa ndani ya treni, kutoka Tachikawa hadi Hino: "Naomba ridhaa yenu nimwoe Chizuru." Ilikuwa isemwe baada ya chai, si kabla. Zaidi ya yote alimwonya asiitaje kampuni yake.

"Sema unashughulika na mashine za viwandani, basi. Baba hapendi habari za kazi nyumbani."

Shunpei Morikubo alikubali. Alikubali upesi mno, lakini hilo Chizuru alikuja kuligundua baadaye.

Mlango ulifunguliwa. Mzee Kuwabara alisimama ndani, amevaa sweta lake la Jumapili, mkewe Sanae yuko nyuma ya bega lake. Shunpei aliinama. Kisha mkono wake, mkono uliosalimia wageni wa kazini kwa miaka minane, ukajiingiza mfukoni wenyewe. Ukatoa kadi ya kazi. Mkono wa pili ukaja kusaidia, na kadi ikanyooshwa mbele kwa heshima zote.

"Naitwa Morikubo. Nafurahi kuonana nawe."

Hakuna mtu anayempa baba mkwe kadi ya kazi. Hata Sanae alifunika mdomo. Lakini mzee naye alikuwa mhandisi kwa miaka thelathini na mitatu, na mikono yake ilitangulia akili vilevile. Aliipokea kadi kwa mikono miwili, akaisogeza karibu na miwani, akaisoma yote kama adabu inavyotaka. Alisoma jina la kampuni. Alisoma idara. Alisoma kitengo: Tabaka la Kinga.

Chizuru aliiona shingo ya baba yake ikigeuka nyekundu, kutoka kwenye ukosi kwenda juu.

"Morikubo," mzee alisema taratibu. "Wa Yokohama. Ukumbi wa orofa ya tatu."

"Ndiye mimi, mzee."

"Ndiye wewe, wa sufi ya chuma."

Chizuru aliwatazama wote wawili. Alikuwa amejiandaa kwa hasira ya baba yake juu ya kampuni. Hakujiandaa kusikia kwamba wanaume hawa wawili wanajuana.

"Ingieni," alisema Sanae haraka. "Majirani wana masikio. Mkitaka kuuana, uaneni ndani."

Waliketi chumba cha mikeka, kuizunguka ile meza fupi yenye joto chini yake. Sanae alimimina chai. Hakuna aliyeigusa.

Ilikuwa Novemba ya mwaka 2007, na katika duka kubwa la vifaa vya umeme alikofanya kazi Chizuru, rafu mbili zilitazamana kama majirani waliokosana. Kila rafu ilikuwa na diski mpya ya filamu, yenye picha safi mara nyingi kuliko zile za zamani. Diski hizo mbili zilikuwa na upana mmoja, umbo moja, na zote zilisomwa kwa mwale wa buluu. Lakini hii haikuchezeka katika mashine ya ile. Kila siku Chizuru aliwaeleza wateja hivyo, na kila siku wateja walimjibu kwamba watasubiri mshindi. Diski moja ilikuwa kazi ya maisha ya baba yake. Nyingine ilikuwa kazi ya Shunpei. Kwa miezi kumi na moja Chizuru alikuwa amemwambia baba yake kwamba mchumba wake anashughulika na mashine, na amemwambia mchumba wake kwamba baba yake ni msimamizi wa kiwanda cha plastiki.

"Baba, kosa ni langu," alianza. "Nilijua kampuni yake. Nilikuficha kwa sababu..."

"Wewe nyamaza kwanza." Mzee hakumtazama. Aliiweka kadi mezani, akainyoosha kwa kidole. "Unakumbuka ile wiki, miaka miwili iliyopita, niliporudi kutoka Yokohama nikakaa siku mbili bila kula?"

Chizuru alikumbuka. Alikuwa amekaa nje ya mlango wa chumba cha baba yake na bakuli la supu mpaka ikapoa.

"Tulikutana pande mbili," mzee aliendelea, "tuone kama tunaweza kuungana tutengeneze diski moja. Nikasimama mbele ya watu mia mbili. Nikawaambia kwamba diski ya wenzetu ina tabaka jembamba mno juu ya maandishi yake. Mtoto akiikwaruza kwa kucha, imekwisha. Basi kijana mmoja akanyanyuka mstari wa nyuma. Akatoa mfukoni sufi ya chuma ya kusugulia masufuria. Akaisugua diski yao mbele ya watu wote, akaiweka kwenye mashine, ikacheza. Kisha akaja mpaka jukwaani. Akasema, 'Mzee, naomba na ya kwako.'"

Mzee aliinyoosha kadi tena. Sanae alikuwa ameinamisha uso.

"Ya kwangu haikucheza. Watu mia mbili wakacheka."

Chizuru alimgeukia Shunpei pole pole. Uso ule aliupenda. Alizipenda nyusi zake zisizolingana, na jinsi alivyokuwa akimtazama kila mara kama mtu anayesoma barua iliyochelewa kufika. Sasa macho yale hayakumtazama. Yalitazama meza.

"Ulijua ni baba yangu?"

"Chizuru..."

"Jina la Kuwabara si jingi. Ulijua?"

"Nilijua tangu siku ya kwanza. Kwenye kibandiko cha jina lako, dukani."

"Tangu siku ya kwanza!" Sauti yake ilipanda mpaka ikamshangaza mwenyewe. "Kwa hiyo nilipokuambia baba anasimamia kiwanda cha ndoo na mabeseni, ulijua?"

"Nilijua."

"Na ukaniuliza mabeseni ya rangi gani yanauzika zaidi! Ukaniacha nikakujibu! Nilikaa pale mkahawani nikikutungia habari za mabeseni ya kijani, na wewe unanitazama tu!"

"Ulieleza vizuri sana," Shunpei alisema kwa unyonge.

"Usinichekeshe! Ole wako unichekeshe leo!"

Sanae aligonga meza kwa kijiko. "Ngojeni. Mimi nina swali langu. Miaka sita nalala kitanda kimoja na hiyo diski, na mpaka leo sijui mnagombania nini. Kabla sijampoteza mkwe, nieleweshwe."

"Mama, si wakati wake."

"Ndio wakati wake. Mnataka nikasirike na mimi, basi nijue nakasirikia nini."

Mzee alikohoa. Kisha akaivuta sahani ya yokan, ile zawadi ambayo haikuwa imekaribishwa rasmi, akakata kipande cheusi kinachong'aa. Kwa kijiti cha meno akachora mistari midogo juu yake.

"Haya ndiyo maandishi. Filamu yako yote iko hapa, katika vishimo visivyoonekana kwa jicho. Mwale unapita kwenye plastiki safi, unafika kwenye vishimo, unasoma." Akakata kipande kingine, akakilaza juu ya kile cha kwanza. "Ya kwetu iko hivi. Maandishi yako katikati, yamefunikwa kwa sehemu sita za kumi za milimita. Ni kama diski za zamani kabisa. Viwanda vilivyopo vinaweza kuitengeneza kwa mashine zilezile, na bei inakuwa ya mtu wa kawaida."

"Na ya kwao?"

"Ya kwao ni wazimu."

"Naomba, mzee," alisema Shunpei. Alivuta karatasi ya nailoni iliyokuwa imefunika bakuli la figili za siki, akailaza juu ya kipande chenye mistari. "Ya kwetu iko hivi, mama. Sehemu moja tu ya kumi. Lenzi inakaribia zaidi, kwa hiyo inasoma vishimo vidogo zaidi. Kwa kila tabaka la maandishi, wao wakiweka kumi na tano, sisi tunaweka ishirini na tano."

"Na kucha ya mtoto?" Sanae aliuliza.

"Hilo ndilo swali la mzee. Na lilikuwa swali zuri. Ndiyo maana tulitafuta dawa ya kupaka juu, ngumu kama kioo."

"Mliipata wapi iliyokubali kushika?" mzee aliuliza. "Sisi tulijaribu aina nne. Zote zilivuta diski ikapinda."

"Ilikuwa inapinda hata kwetu. Tuligundua ni joto la kukaushia. Ukiligawa mara mbili..."

"Mara mbili! Mwanzo mdogo, kisha mkubwa?"

"Kinyume chake, mzee."

"Kinyume!" Mzee alisogea mbele, sweta lake likagusa yokan. "Haiwezekani. Nionyeshe."

Vichwa vyao viwili vilikutana juu ya sahani. Chizuru aliwatazama, mmoja mwenye mvi na mwingine mwenye nywele nyeusi, wakisukumana vijiti vya meno. Wivu wa ajabu na hasira vikamjaa pamoja. Alisimama kwa nguvu mpaka chai ikamwagika.

"Mimi nimekuja hapa kuposwa! Nyinyi mnakata yokan!"

Vijiti vya meno vilisimama hewani.

"Miaka sita, Baba, umekosa kila sherehe yangu kwa ajili ya kipande cha plastiki. Sijawahi kulalamika hata siku moja. Leo ni siku yangu moja, na bado imeliwa na plastiki! Na wewe, Bwana Morikubo!"

Shunpei alishtuka. Hakuwa ameitwa hivyo na midomo ile tangu walipofahamiana.

"Ulimfanyia baba yangu jambo lile, kisha ukanipenda kimya kimya kama mtu anayelipa faini. Mwombe radhi. Hapa, sasa hivi."

Shunpei alirudi nyuma kwenye mkeka, akaweka viganja vyote viwili chini. Lakini hakuinamisha kichwa.

"Kuhusu tabaka, siwezi kuomba radhi," alisema. "Tabaka jembamba lilikuwa sahihi, na bado ni sahihi. Nikisema vinginevyo nitakuwa nimemdanganya mhandisi nyumbani kwake."

"Toka nje," alisema Chizuru.

"Sijamaliza. Diski niliyosugua Yokohama haikutoka kiwandani. Niliipaka mwenyewe maabara, kwa mkono. Nilipaka nne. Tatu za kwanza zilikwaruzika. Siku ile, mzee, kiwanda chetu kilikuwa hakijaweza. Kiliweza miezi saba baadaye. Nilipokuuliza ya kwako, nilijua ni ya kawaida, haijapakwa chochote. Nilijua itakufa. Nilitaka wacheke." Hapo akainama, mpaka paji la uso likagusa mkeka. "Kwa hilo naomba radhi. Wakubwa zangu hawajui. Nimekuambia wewe wa kwanza."

Mzee Kuwabara alivua miwani, akaifuta kwa pindo la sweta, akaivaa tena.

"Nilijua," alisema.

Shunpei aliinua uso.

"Ilikuwa inang'aa mno pembeni. Dawa ya mashine haikusanyiki pembeni. Ya mkono hukusanyika."

"Sasa kwa nini hukusema palepale?" Chizuru alipiga kelele. "Siku mbili bila kula!"

"Ningesema nini, binti yangu? Kwamba nao wamechagua diski yao bora? Na mimi je? Picha niliyowaonyesha asubuhi ile ilitoka kwenye diski ya ishirini na sita. Ishirini na tano za kwanza zilikwama." Alijikuna shavu. "Sikukosa kula kwa sababu ya kudanganywa. Nilikosa kula kwa sababu nilijua watafaulu."

Sanae alicheka kwa sauti moja fupi, akaifunga haraka kwa kiganja.

Mzee akairudisha kadi upande wa Shunpei. "Miaka thelathini na mitatu, na mtu wa kwanza kuniambia ukweli wa maonyesho ni mshindani. Una sentensi uliyokuja nayo. Iseme."

Shunpei alinyoosha mgongo. "Naomba ridhaa yenu nimwoe Chizuru."

"Mama Chizuru?"

"Mimi niliridhika tangu mlangoni, alipojiaibisha na ile kadi," alisema Sanae.

"Basi na mimi nimeridhia. Chizuru ametuambia Januari kampuni inakupeleka Uholanzi. Miaka mitatu. Mchukue mkeo, mwende salama."

Ilikuwa ndiyo dakika aliyoiota Chizuru kwa miezi kumi na moja. Wote watatu walimgeukia, wakingoja machozi yake. Hayakuja.

"Mimi sijaridhia," alisema. Akachukua koti lake, akatoka.

Shunpei alimkuta njia ya kituoni, karibu na ukuta wa shule, akitembea kwa hatua za mtu anayemfukuza mwizi. Jua la saa tisa lilikuwa bado liko juu ya paa za nyumba.

"Chizuru, simama."

"Mmepatana. Hongereni. Endeleeni kuambiana habari za joto la kukaushia."

"Mkasirikie yeyote, lakini simama."

Alisimama. Alimgeukia, na uso wake ulikuwa umeloa. Machozi yaliyogoma nyumbani yalikuwa yamemfuata barabarani.

"Nitakuuliza mara moja tu. Umenificha nini kingine?"

Shunpei aliutazama ukuta wa shule, na Chizuru akajua kabla hajasikia kwamba lipo.

"Uholanzi," alisema Shunpei. "Sikupangiwa. Niliomba."

"Lini?"

"Agosti."

Ni Agosti hiyohiyo walipokubaliana kuoana. Walikuwa kando ya mto Asakawa, na Shunpei alimshika mkono bila kusema lolote kwa saa nzima. Chizuru alidhani ule ukimya ni furaha.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nilijua siku moja mzee ataniona. Nikafikiri tukiwa mbali, miaka ikapita, diski moja ikafa... Nikafikiri hutalazimika kuchagua."

"Hukufikiri. Uliogopa! Ulikuwa unanihamisha nchi ili usikutane na baba yangu. Mimi nimeshaaga dukani, Shunpei. Nimewaaga wenzangu kwa maua. Mama analia jikoni kila siku akidhani ni kampuni inayonichukua. Kumbe ni wewe!"

"Nisamehe."

"Sitaki samahani yako. Leo umeitoa ya kutosha, imekuwa rahisi. Umemwinamia baba yangu ukaonekana mwanamume wa kweli, na mfukoni bado una uongo mwingine!"

Shunpei alitaka kumshika bega. Aliurudisha mkono wake. Waliendelea kutembea bila kugusana mpaka kituoni, wakapita vizuizi vya tiketi, wakasimama jukwaani kama watu wasiojuana. Kengele ililia. Treni ya kurudi mjini ikaja, milango ikafunguka.

"Panda," alisema Chizuru.

Shunpei hakupanda. Milango ikafungwa, treni ikaondoka. Alitoa simu yake ya kukunja, akaifungua.

"Unampigia nani?"

"Mkuu wa idara."

"Leo Jumapili!" Kwa mara ya kwanza siku ile hasira ya Chizuru ilipungukiwa na maneno. Hakuna mtu wa kampuni ile, wala ya baba yake, aliyewahi kumpigia mkuu wa idara nyumbani Jumapili isipokuwa kiwanda kimeungua. "Shunpei, atakuua. Ngoja kesho."

"Kesho nitapata sababu ya kungoja keshokutwa."

Alisogea hatua tatu, lakini Chizuru alisikia kila neno. Alisikia radhi ya kusumbua siku ya mapumziko. Alisikia jina la Uholanzi, kisha ukimya, kisha sauti ya mzee mwingine ikinguruma ndani ya simu kama nyuki ndani ya kopo. Shunpei alikuwa akiinama. Peke yake jukwaani, bila mtu mbele yake, aliinama kwa kila sentensi, chini kabisa, mpaka tai yake ikaning'inia. Abiria wawili walisogea mbali naye. Treni nyingine ilikuja ikaenda.

"Ndiyo, bwana mkubwa," alikuwa akisema. "Naelewa kwamba sitapewa nafasi nyingine. Ndiyo. Hata hivyo naomba kubaki. Hapana, si ugonjwa. Ndiyo, ni mwanamke. Ana hasira sana, bwana mkubwa, na ana haki."

Alifunga simu. Masikio yake yalikuwa mekundu. Alirudi, akasimama mbele ya Chizuru kwa umbali wa hatua moja.

"Kasemaje?"

"Kasema nimerukwa na akili. Kasema kesho nihamishe meza yangu, niende kitengo cha majalada, chumba kisicho na dirisha. Uholanzi atakwenda mwingine."

Chizuru alimtazama. Alizitazama nyusi zile zisizolingana, na jasho lililokuwa likimtoka mchana wa Novemba. Moyo wake ulitaka kumkimbilia. Aliukataza.

"Bado nina hasira."

"Najua."

"Si ya leo tu. Nitakuwa na hasira kesho. Nitakuwa nayo mwaka mpya, mbele ya wageni. Januari nitakuwa nayo vilevile."

"Januari," alisema Shunpei, "nitakuwepo."